Zawadi za Mkono kutoka kwa Wasanii wa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tunaulizwa mlangoni, kwenye simu, na hata na jamaa walio mbali wanaotaka kupelekewa kitu kinachonukia pwani. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu tukiwa tumekaa barazani. Mengine yana majibu mafupi. Mengine, hasa ya mali iliyotumika na ya pesa zinakokwenda, tumeyaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yaliyotufanya tufungue mlango huu.

Hapa ni wapi, na nyinyi ni akina nani?

Ni galari ndogo ya jamii ndani ya Mji wa Kale: chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, kuta za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, na baraza nje ya kukalia. Wanaoleta kazi ni wasanii na mafundi wa hapa kisiwani, Likoni, Changamwe, Jomvu na Kisauni, pamoja na wengine wanaotoka Kwale na Kilifi na vikapu vyao mkononi. Hatununui kwa madalali. Kila kitu kimefungwa kikaratasi chenye jina la aliyekifanya, mtaa au kijiji chake, mali aliyotumia na mali hiyo ilikotoka. Ukiona kitu hakina kikaratasi, tuulize kabla hujalipa.

Nitafikaje, na mnafungua saa ngapi?

Mwambie wa tuktuk au bodaboda akushushe Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kutoka hapo ingia Ndia Kuu kwa miguu. Gari liache nje, vichochoro ni vyembamba. Ukija kwa treni ya SGR utashuka Miritini, kisha utapanda matatu ya kuingia mjini.

Tunafungua saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili tunapumzika. Ijumaa tunafunga kuanzia saa sita hadi saa nane kwa ajili ya sala. Mwezi wa Ramadhani tunafunga mapema mchana na kufungua tena baada ya tarawehe, maana ndipo watu wanapotoka kununua vitu vya Idi.

Natafuta zawadi ya harusi. Mnanishauri nini?

Swali la kwanza tutakalokuuliza ni: unampa nani? Bibi harusi, bwana harusi, au mama wa mmoja wao? Kwa bibi harusi wengi huchukua chetezo cha udongo pamoja na udi, au kijikasha cha mbao cha kuwekea dhahabu, kilichokatwa nakshi za yungiyungi na minyororo kama zile za milango ya hapa Mji wa Kale. Mkeka wa ukindu wa rangi ni zawadi ya nyumba nzima, na ukitunzwa unakaa miaka. Kwa bwana harusi, kofia ya mkono. Tumeieleza kwa urefu hapo chini.

Leso ni zawadi ambayo haikosi mahali, na kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina historia yake kwenye harusi. Lakini jamani, someni jina kabla ya kulipa. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, na mpokeaji atalisoma jina kabla ya kutazama rangi. Leso iliyoandikwa “Hasidi hana sababu” usimpelekee wifi yako siku ya harusi hata kama rangi yake ni ya kuvutia namna gani. Ataona umemtumia ujumbe, na huo ujumbe utazungumzwa mpaka arobaini ya mtoto wa kwanza. Ukiwa hufahamu Kiswahili cha majina haya, tutakusomea na kukueleza nani anapewa nini. Tusione aibu kuulizana. “Nani kama mama” haijawahi kumkosea mama yeyote.

Na zawadi ya mtoto mchanga?

Mbeleko, kijimto cha pamba, na njuga ya kifuu cha nazi iliyopigwa msasa mpaka ikawa laini kama yai. Rangi haipakwi kwenye vitu vya watoto, kwa sababu kila kitu kitaishia mdomoni.

Kwa nini kofia ya mkono ni ghali hivyo, na nje kuna kofia za bei nafuu?

Shika kofia moja uitazame kwa karibu. Kitambaa cheupe cha pamba kimewekwa tabaka mbili. Nakshi imechorwa kwa penseli, kisha mshonaji anatoboa vishimo vidogo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, mamia ya vishimo, mpaka ukingo wa kila kishimo umebanwa na hauwezi kufumuka. Ile mistari iliyoinuka kidogo kati ya vishimo imetokana na uzi mnene aliopitisha ndani, baina ya tabaka mbili za kitambaa. Duara la juu hushonwa peke yake, mshipi wa pembeni peke yake, kisha vinaunganishwa mwishoni. Wengi wa washonaji wetu ni kina mama wanaoshona baina ya kupika na kulea, mchana kukiwa na nuru, kwa sababu kazi hii usiku inaua macho. Kofia nzuri huchukua miezi.

Ya mashine utaitambua ukiigeuza ndani nje. Vishimo vyote vinafanana bila tofauti hata kidogo, nyuzi zimerukaruka upande wa nyuma kutoka kishimo kimoja hadi kingine, na ncha zinaning'inia. Ya mkono, nyuma yake inakaribia kupendeza kama mbele. Hatusemi mtu asinunue ya mashine. Kofia ya kila siku ya kwenda sokoni haihitaji kuwa ya mkono. Tunachokataa ni ya mashine kuuzwa kwa jina na bei ya mkono, kwa sababu anayeibiwa hapo ni mama aliyekaa miezi na sindano.

Kufua: maji baridi, sabuni kidogo, usiikamue. Itie uwanga, ivalishe juu ya bakuli lililopinduliwa linaloilingana ukubwa, ikauke kivulini. Ukiikunja ikiwa na uwanga, uzi hukatika.

Nitajuaje mkeka mzuri?

Mkeka huanza na ukili, yaani ule ukanda mrefu uliosukwa, kisha kanda hizo zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana unaotakiwa upatikane. Kwa hiyo tazama mahali pawili. Pa kwanza ni msuko wenyewe: unyanyue mkeka mbele ya mwanga wa mlango. Mwanga ukipenya kwa vitone sawasawa, mikono ilikuwa imetulia; ukipenya hapa na pale kwa mafungu, msukaji alikuwa na haraka au majani yalikuwa yamekaushwa vibaya. Pa pili ni mshono kati ya ukili na ukili. Upitishe kidole juu yake. Mshono mzuri haukukwaruzi na huwezi kuuona kwa urahisi, kwa sababu mshonaji ameupitisha ndani ya kingo za msuko.

Mali nayo ina tofauti. Ukindu unatoka kwa mkindu, ni laini, na unapokea rangi vizuri ukichemshwa. Miyaa ya mkoma ni migumu zaidi, na inafaa zaidi kwa vikapu, majamvi na vitu vya kubebea. Mkeka wa kulalia wa miyaa utakuchosha mgongo, na kikapu cha sokoni cha ukindu kitachoka mapema. Muulize muuzaji yeyote ni kipi kati ya hivyo viwili. Asipojua, basi hakumjua msukaji.

Mkeka usiukunje, uviringishe. Ukilowa, utandaze kivulini kwenye upepo. Jua kali la msimu wa kaskazi hula rangi kwa wiki chache tu.

Hiki kinyago cheusi ni mpingo kweli?

Cha kwetu, kikaratasi kinasema. Ukiwa kwingine, lowesha kitambaa cheupe au karatasi ya chooni, sugua sehemu ya chini ya kinyago. Ikitoka rangi nyeusi, umeshika mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya viatu. Mpingo ni mzito kuliko maji, kipande kikitumbukizwa ndooni kinazama moja kwa moja. Pia weusi wake hauwi mmoja: chini au ubavuni mara nyingi fundi huacha utepe wa mbao nyeupe ya karibu na gome, na ndani ya weusi utaona mishipa ya kahawia ukiuelekeza kwenye jua.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya vinyago vyetu ni vya mwarobaini na mwembe, na tunaviuza kwa majina hayo bila haya. Uchongaji wa biashara hapa Kenya unatajwa kuanza na Mutisya Munge, Mkamba aliyeuona ufundi wa Wazaramo kule Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nao Ukambani. Kutoka kwake ukaenea mpaka Mombasa, ambako ushirika wa wachongaji wa Akamba, ulioanzishwa 1963, uko Changamwe mpaka leo. Miaka yote hiyo mti uliotafutwa ulikuwa mpingo na muhugu, miti inayokua polepole mno. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongeka. Imekatwa kuliko inavyoota. Mwarobaini nao umejaa kila ua wa pwani, unakua haraka, na wadudu hawaupendi. Fundi anayechonga mwarobaini ana uhakika wa kupata mti mwaka ujao na mwaka wa baadaye, na mtoto wake akitaka kushika tezo atakuta bado kuna mbao. Hilo tunalijali kuliko weusi wa kinyago.

Kinyago changu kimepasuka nilipofika nacho nyumbani. Mbona?

Mombasa ina unyevu mwingi hewani. Mbao iliyozoea hewa hii ikipelekwa Nairobi, na zaidi ikipelekwa Ulaya kwenye nyumba yenye kipasha joto, hupoteza maji kwa kasi, sehemu ya nje ikinywea kabla ya ndani, na hapo hupasuka. Mafundi wetu huikausha mbao polepole kivulini kabla ya kuipiga msasa wa mwisho, na baada ya kuchonga huipaka nta ya nyuki, lakini ukifika nacho kwako usikianike mara moja. Kiache ndani ya karatasi lilelile tulilokifungia, ukifungue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usikiweke juu ya friji, dirishani penye jua wala mbele ya mashine ya hewa baridi.

Ufa mdogo ni wa kawaida na haupunguzi uzima wa kitu. Ukiwa mkubwa, kilete: fundi ataujaza kwa vumbi la mbao ileile na gundi, bila malipo, wakati wowote. Ukiona unga mwembamba chini ya kinyago kila asubuhi, huo ni mdudu, si ufa. Kitenganishe na vingine, utujulishe upesi.

Mnauza pembe za ndovu, gamba la kasa, kombe au matumbawe?

Hapana, hata kipande. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 ina adhabu kali, na kabla ya sheria kuna kasa mwenyewe: ng'amba, ambaye gamba lake ndilo lililotengenezewa bangili na vitana zamani, amebaki wachache sana baharini. Hata zile Pembe kubwa za Moi Avenue ambazo kila mgeni hupigia picha ni za madini. Mapambo yetu yanatokana na pembe na mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, vifuu vya nazi, na shaba iliyoyeyushwa kutoka kwa mifereji na makufuli mabovu. Kifuu kikipigwa msasa vizuri kina mng'ao wa kahawia unaofanana sana na gamba lile, na hakuna kiumbe kilichouawa.

Kombe wanazokuuzia ufuoni tunakusihi uziache. Nyingi zilichukuliwa huku mnyama wake akiwa bado hai, na uwanja wa ndege zinaweza kuchukuliwa.

Naweza kupata kigango?

Hapana, na tunaomba utuvumilie tueleze. Kigango ni mti uliochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, hasa kwa Wagiriama, mzee aliyekuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kinasimama pale kilipowekwa, na familia hukizungumzia kama unavyomzungumzia mtu. Hakihamishwi wala hakiuzwi. Kwa miaka mingi vigango viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wageni kama mapambo, vikaishia katika nyumba za watu na majumba ya makumbusho Marekani. Jumba la Denver Museum of Nature & Science liliamua kurudisha vigango 30 mwaka 2014, na havikufika Kenya mpaka 2019. Familia zilizong'olewa vyao zilikaa na pengo hilo miaka yote, na wengine wanasema maradhi na ukame viliingia boma lao tangu siku hiyo.

Kwa hiyo ukiona kigango kinauzwa popote, kizee au kipya chenye alama za kizee, usinunue. Ukivutiwa na umbo lake, tuna mchoraji wa Kilifi anayechora kwa wino nakshi za pembetatu zinazofanana na zile, juu ya karatasi, kwa ruhusa ya wazee wake. Hiyo chukua kwa moyo mweupe. Na mbao za kaya, yaani misitu mitakatifu, hatupokei kabisa. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia katika urithi wa dunia 2008, lakini wenyewe walikuwa wameikataza shoka karne nyingi kabla ya hapo.

Je, kila kitu kimetengenezwa Mombasa?

Kazi ya mkono, ndiyo, au karibu na hapa. Mali yenyewe, mara nyingine hapana, na hili tunalisema kabla hujauliza. Mikoba na mito ya leso imeshonwa Kisauni na Likoni, lakini leso zenyewe nyingi huchapishwa India. Tunazinunua Biashara Street, ambako nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, wenye ile chapa ya Mali ya Abdulla, inauza leso tangu 1887. Ushanga wa kioo nao hutoka ng'ambo. Mawe laini yaliyochongwa bakuli na viboko ni ya Tabaka, Kisii. Hatuyauzi kama kazi ya pwani kwa sababu si ya pwani, na Wakisii wanastahili kutajwa kwa kazi yao. Vivyo hivyo picha za Tingatinga: mtindo huo ulianza Dar es Salaam na Edward Said Tingatinga, na mtu akichora twiga wa madoadoa Mombasa hatumwandikii jina hilo.

Picha tunazozipenda zaidi ni za vijana wanaochora kile wanachokiona hapa: mkokoteni wa maji wenye maneno yaliyoandikwa kwa rangi ya gari, feri saa ya asubuhi, mama wa viazi karai chini ya mwavuli.

Pesa ninazolipa zinakwenda wapi?

Katika kila shilingi 100, msanii anapata 70. Zilizobaki 30 ni za kodi ya nyumba, umeme, mtu wa mlangoni, na mfuko wa kununua mali kwa wasanii wasiokuwa na mtaji. Msanii hulipwa kwa M-Pesa Jumamosi ya wiki ileile kitu chake kilipouzwa, hata kama mteja bado hajakipokea. Hatusubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu tunajua maduka mengi yanavyofanya: msanii anaacha kazi yake, anaambiwa “bado haijauzwa”, anarudi mara ya tatu anakuta rafu tupu na hesabu haieleweki. Wengi wa wanaotuletea kazi waliwahi kutendwa hivyo, na wengine waliacha ufundi kwa ajili hiyo. Daftari letu liko wazi. Msanii akija anaonyeshwa mstari wake, tarehe na bei.

Naweza kupunguziwa bei?

Bei ameweka msanii, nasi hatuna mamlaka ya kuikata. Tunajua mji huu umezoea maelewano, na kuelewana bei ni namna ya kufahamiana, hakuna ubaya. Ila maelewano ya haki ni baina ya wawili waliopo. Hapa mmoja hayupo, yuko nyumbani anasuka. Ukichukua vitu vingi, tunampigia simu mwenyewe mbele yako, mzungumze. Mara nyingi atakuongezea kitu badala ya kupunguza.

Nataka kitu maalum, chenye jina langu au ukubwa wangu. Inachukua muda gani?

Inategemea kitu na msimu. Kijikasha cha nakshi ni wiki tatu au nne. Mkeka wa rangi ulizochagua, mwezi. Wakati wa masika uongeze, kwa sababu majani hayakauki na fundi akiyalazimisha yataota ukungu. Kofia, tafadhali agiza mapema sana kabla ya harusi. Unatanguliza nusu ya bei, na hiyo inakwenda yote kwa fundi anunulie mali.

Kama ni maandishi, tuandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako au kwa ujumbe, herufi kwa herufi. Kwa khati ya Kiarabu tunamwonyesha msomaji wa pili kabla patasi haijagusa mbao. Aya au jina likichongwa na kosa, hatuwezi kulifuta, na hatutaki kulitupa.

Mnatuma mizigo?

Ndani ya Kenya tunatuma kwa mabasi ya usiku, na Nairobi unapokea kesho yake asubuhi. Nje ya nchi tunatumia Posta au kampuni za mizigo ya ndege, na nauli tunakutajia kabla hujalipa chochote. Tunafunga kwa karatasi, makumbi na pakacha za makuti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo ukija dukani njoo na kikapu, au nunua kimoja.

Mambo ya forodha yanataka uangalifu kidogo. Tangu Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa mujibu wa mkataba huo vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mbao hiyo katika mzigo mmoja havihitaji kibali, nasi hatutumi zaidi ya hapo. Australia na New Zealand hudai kila kitu cha mbao, majani au mbegu kitangazwe, kwa hiyo kijaze kwenye fomu bila kuficha. Kikiwa safi na kikavu kwa kawaida kinapita. Ngoma ya ngozi ni shida huko, bora umchagulie zawadi nyingine. Nchi nyingine hudai cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, na hicho kinahitaji siku kadhaa za kazi.

Nikipokea kitu kimevunjika?

Piga picha kabla ya kukitoa kwenye kifungashio, tutumie. Tutatengeneza, tutabadilisha, au tutarudisha pesa. Hasara haikatwi kwa msanii.

Naruhusiwa kupiga picha dukani?

Ya chumba, ndiyo. Ya kazi moja kwa karibu, uliza kwanza. Tumeona nakshi ya mtu ikipigwa picha leo, na baada ya miezi imechapishwa kwenye vitambaa vya kiwandani, mwenyewe hana habari. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 michoro na nakshi ni mali ya aliyeibuni maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na wasanii wetu tunawasaidia kusajili kazi zao kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO. Ukitaka kutumia mchoro kwa biashara yako, tutakukutanisha na mwenyewe mkubaliane.

Nina pesa kidogo tu. Kuna kitu cha maana nitakachopata?

Kipo, na tunakuomba usione haya kuuliza. Upawa wa kifuu wenye mpini wa mbao ni wa bei ndogo na utapakulia mchuzi miaka. Kipepeo cha miyaa kinamfaa kila mtu wa mji huu umeme unapokatika. Kuna bangili za kifuu, kawa ndogo za kufunikia chakula, na vialama vya vitabu vilivyoshonwa kwa mabaki ya leso. Wanafunzi wakija na vijisenti vyao kumnunulia mwalimu zawadi, huwa tunawatafutia mpaka kipatikane.

Naweza kujifunza kusuka au kuchonga?

Jumamosi asubuhi kina mama hukaa barazani kusuka ukili, na atakayekaa nao atafundishwa. Unalipia majani tu. Uchongaji hufundishwa karakanani kwa fundi mwenyewe, na kwa watoto tunataka mzazi awepo.

Mimi ni msanii. Nawaleteaje kazi yangu?

Njoo Jumatatu, siku ambayo wageni ni wachache na tuna nafasi ya kukaa na wewe. Lete vitu vitatu, usilete gunia. Tutatazama sehemu ambazo mnunuzi hazioni: chini ya kasha, ndani ya kofia, mahali mpini unapoingia kwenye upawa. Tutakuuliza mali umeitoa wapi, na jibu la “nimeuziwa tu” halitoshi kwa mbao; jua ni mti gani na umekatwa wapi. Kama kazi haijafika, tutakueleza kinachokosekana na kukutambulisha kwa mtu wa ufundi wako aliyetangulia, kisha urudi nayo. Wengi wa walio rafuni leo walirudishwa mara ya kwanza.

Hatudai ada ya kujiunga. Hatukulazimishi uuze kwetu peke yetu. Ukipata soko kubwa Nyali au Diani, chukua. Hatukuambii uchonge twiga kwa sababu watalii wanapenda twiga. Kuhusu bei, tutakaa na wewe tuhesabu saa ulizotumia, mali, nauli ya matatu na feri, kwa sababu wasanii wengi, na kina mama hasa, hujiwekea bei inayorudisha gharama ya majani tu na kuisahau mikono yao. Uje na kitambulisho na namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya mume wala ya kaka. Kama huna, tutakwenda na wewe kwa wakala ukasajili siku hiyohiyo.